Bakuli la Thekla

Nchi ninayotaka kuieleza haina haja ya kutajwa jina, kwa kuwa wenyeji wake wanaijua na wageni hawakuwahi kuuliza. Ni nchi tulivu. Utulivu wake ni mkubwa kiasi cha kuundiwa Wizara, na Wizara hiyo ina magari mengi kuliko Wizara ya Afya, jambo linaloonyesha jinsi raia wa huko walivyo na afya njema.

Uhuru wa kuabudu umehakikishwa na Katiba kwa maneno mazuri sana. Kila raia yuko huru kuamini dini aitakayo, wakati wowote, mradi imani hiyo isitoke nje ya mwili wake. Wanasheria walipoulizwa kama sauti ni sehemu ya mwili au imeshatoka nje, waliomba muda wa kutafakari. Walipokuwa wakitafakari, Wizara ya Utulivu iliona ni busara kutoa Mwongozo wa Maombi ya Hadhara. Kwa mujibu wa Mwongozo huo, waumini wanaruhusiwa kumwomba Mungu mvua, nafuu ya wagonjwa na maisha marefu ya viongozi. Maombi mengine yote yapelekwe kwanza Wizarani yakapitiwe, ili Mungu asisumbuliwe na mambo ambayo Serikali inaweza kuyashughulikia yenyewe.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Thekla Nyamwiza alipouliza swali.

*

Thekla alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, katibu wa Umoja wa Akina Mama Wakatoliki wa parokia yake, na mgombea wa udiwani katika kata ya Bondeni. Katika mkutano wa wagombea, wenzake walizungumzia barabara, ambayo ni mada salama kwa kuwa haikuwapo na kwa hiyo haikuweza kumkasirisha mtu. Thekla aliposhika kipaza sauti alisema kwamba msikiti wa Bondeni, na kanisa dogo la Walokole linalotazamana nao, vimefungwa kwa kufuli za Wizara. Akauliza ni kwa kosa gani, na vitafunguliwa lini.

Kosa lilikuwa linajulikana. Wizara ilikuwa imepima sauti za nyumba hizo mbili, ikazijumlisha, na kukuta kwamba jumla yake inazidi kiwango cha mtaa mmoja.

Msimamizi wa mkutano alikuwa Inspekta Silivano, mtu mpole, mwenye sauti nzito iliyowahi kusifiwa katika kwaya ya parokia.

"Mwalimu," alisema, "jambo hili linakuhusu nini? Wewe ni Mkatoliki. Kanisa lako liko wazi, kengele inalia, na mimi mwenyewe nasali humo."

"Ndiyo maana nauliza mimi, Afande. Aliyefungiwa mlango akiuliza, mnasema analalamika. Mimi sijafungiwa. Mtasema nini juu yangu?"

Watu walicheka. Halafu waliacha kucheka, kwa kuwa Inspekta alikuwa anaandika.

Kesho yake Serikali ilimwalika Thekla. Katika nchi hiyo hakuna anayekamatwa. Raia hualikwa: gari huja, watu wenye adabu hushuka, na mgeni husaidiwa kupanda. Ndugu hawaambiwi mgeni amefikia wapi, na hawaulizi atakaa mpaka lini, kwa kuwa kwa mila za huko ni aibu kumuuliza mwenyeji siku ambayo mgeni wake ataondoka.

Jambo moja tu liliruhusiwa. Chakula cha mgeni kilipokelewa kila asubuhi kwenye geti la Kituo Kikuu, kikapelekwa huko alikokuwa, na chombo kikarudishwa asubuhi iliyofuata. Akina mama wa Umoja walipangana zamu. Walikuwa na bakuli moja la bati lenye maua ya buluu na kifuniko chake, nao walilifunga kwa kitambaa cheupe. Siku ya tatu alifika getini mwanamke wa Bondeni aliyejitanda ushungi wa kahawia, Bi Mwanaidi, mke wa mwadhini.

"Leo zamu yangu," alisema, akalichukua bakuli kama mtu anayechukua chake.

"Bi Mwanaidi, wewe si wa Umoja wetu," alisema mama mmoja.

"Na yeye si wa msikiti wetu. Nipisheni, wali unapoa."

Sasa nieleze desturi moja ya watu hao. Chombo cha jirani hakirudishwi bila kitu ndani. Ukiletewa mboga kwenye bakuli, bakuli litarudi na limau, na kama huna limau, utaweka hata majani ya mchaichai. Thekla aliendelea na desturi hiyo akiwa mgeni wa Serikali. Bakuli lilirudi limeoshwa, na ndani yake daima palikuwa na kitu: punje chache za mahindi, unyoya wa njiwa, siku moja kifungo cha blauzi yake. Akina mama walikigusa kila kitu kwa zamu. Walijua kwamba yu hai, kwamba anakula, na kwamba bado ni Thekla.

*

Mwenyekiti wa Umoja alikuwa Mama Domitila Kasimba, mkunga mstaafu, mwanamke mfupi aliyezungumza taratibu kana kwamba kila mtu mbele yake ana uchungu. Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yake kusoma sala ya waamini. Alisoma ombi la mvua. Alisoma ombi la wagonjwa. Alisoma ombi la viongozi, tena kwa unyofu, kwa sababu aliamini kwamba wanahitaji kuombewa kuliko wao wenyewe walivyodhani. Karatasi iliyogongwa mhuri wa Wizara ikaishia hapo. Mama Domitila hakuishia hapo.

"Kwa ajili ya Thekla, katibu wetu, arudi nyumbani. Na kwa ajili ya majirani zetu wa Bondeni, milango yao ifunguliwe. Ee Bwana."

Kanisa lote likaitika: "Twakuomba utusikie."

Inspekta Silivano alikuwa benchi la tatu kwa kazi maalumu, amevaa nguo za kiraia zilizopigwa pasi kama sare. Naye aliitika, kwa besi, na watu wa mabenchi ya mbele waligeuka kumtazama. Alikuwa mtumishi mwaminifu, hivyo taarifa yake ilisema: "Waliitikia ombi hilo watu wote waliokuwamo, nikiwemo mimi."

Sentensi hiyo iliitikisa Wizara kuliko ombi lenyewe. Wiki hiyohiyo ulitolewa Waraka juu ya Miitikio ya Ghafla. Waraka ulieleza kwa masikitiko kwamba baadhi ya maofisa walilelewa katika ibada tangu utotoni, na kwamba midomo yao inaweza kujibu kabla ya akili kupata kibali. Iliagizwa kila ofisa anayetumwa kanisani awe na pipi ya kifua mdomoni tangu mwanzo wa ibada hadi mwisho. Bohari ya Serikali ilinunua pipi za kutosha, na wagonjwa wa kikohozi nchini wakaelekezwa kutumia tangawizi.

*

Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Dakta Kasiano Mulokwa, alimwita Mama Domitila ofisini kwake. Katika ujana wake Dakta Mulokwa alisoma seminari, na alipoiacha alichukua vitu viwili: sauti ya kuimbia misa na imani kwamba watu wanapaswa kusimama anapoingia.

Mama Domitila alifungua mlango, akainama kidogo. "Tumsifu Yesu Kristu."

"Mile—" alisema Waziri, kisha akaizima "Milele, amina" yake kwa kikohozi kirefu, akatafuta pipi mezani. "Karibu kiti, Mama Mwenyekiti. Nasikia ulikuwa mkunga."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Basi unajua kwamba kuna wakati wa kusukuma na wakati wa kutulia."

"Najua, Mheshimiwa. Lakini hatumuulizi aliyesimama nje ya mlango."

Katibu wa Waziri aliinamisha kichwa ili asionekane uso. Waziri akaeleza msimamo wa Serikali. Thekla alikuwa anafurahia ukarimu. Hata hivyo, ukarimu una ngazi. Siku ya Jumamosi angehamishiwa Kambi ya Kaskazini kwa mapumziko marefu, mahali ambako vyombo vya chakula havipelekwi na ambako barua hazitoki, kwa kuwa hali ya hewa ya huko haiufai wino. Mama Domitila alilijua jina la kambi hiyo. Nchi nzima ililijua. Hakuna aliyekuwa amemwona mtu aliyerudi kutoka huko.

"Isipokuwa," alisema Waziri.

"Isipokuwa nini, Mheshimiwa?"

"Isipokuwa mkiungama. Ijumaa, Ukumbi wa Maridhiano, mbele ya Tume ninayoiongoza mimi, redio ya Taifa ikitangaza moja kwa moja. Mtasema kwamba mliingiza siasa katika sala. Sheria ya Maridhiano ni nyepesi sana, Mama. Ibara ya saba: yeyote anayeungama ndani ya ukumbi huo amesamehewa papo hapo, na kabla jua halijazama atarudisha alichokichukua. Ninyi mmechukua utulivu. Mtaurudisha kwa kunyamaza. Hakuna tena ombi lenu kanisani, hakuna mgombea wenu kwenye kata. Ibara hiyo niliiandika kwa mkono wangu."

"Na yeyote ni yeyote, Mheshimiwa?"

"Yeyote ni yeyote. Sheria haibagui."

Mama Domitila alipotoka, Katibu alisogea karibu na meza. "Mheshimiwa, samahani. Wajumbe wa Tume, wote isipokuwa wawili, wamesomeshwa na Masista. Pengine tusitangaze moja kwa moja. Au tugawe pipi."

"Pipi ni za makonstebo," alisema Waziri. "Mimi mambo hayo niliyaacha zamani. Mdomo wangu ni wa Serikali."

*

Alhamisi asubuhi bakuli lilirudi limejaa.

Kitambaa kilikuwa kimefungwa vilevile kilivyofungwa na Bi Mwanaidi, fundo halijaguswa. Wali ulikuwa umeganda, na samaki alikuwa mzima. Askari wa getini, ambaye kwa kawaida alitania, hakutania.

"Mgeni hana hamu," alisema.

"Anaumwa?"

"Mimi nimepewa bakuli, mama. Sikupewa maelezo."

Akina mama walikutana kwenye ukumbi wa parokia. Padri hakuwapo, kwa kuwa alikuwa amealikwa kwenye semina ya utulivu ya wiki nzima, katika hoteli ambayo milango yake hufunguliwa kwa nje. Bakuli liliwekwa katikati ya meza, na hakuna aliyethubutu kulimwaga.

"Ni maneno tu," alisema Restituta, mtunza hazina, mwanamke wa sauti kavu. "Tuyaseme, mtoto wa watu arudi. Mungu anajua tunachomaanisha."

"Maneno tu?" alijibu Leokadia, kiongozi wa kwaya. "Siku ile ulipokataa kusema 'ndiyo' altareni, mbele ya Padri na wageni wote, mbona hukusema ni neno tu?"

"Yule alikuwa mlevi."

"Na huyu ana redio."

Walicheka, kicheko kifupi, kisha macho yakarudi kwenye bakuli.

"Kesho kutwa wanampeleka Kaskazini," alisema Restituta, na sasa sauti yake haikuwa kavu. "Leokadia, mimi sibishani na wewe. Naogopa."

"Hata mimi naogopa. Lakini tukiomba radhi kwa kuomba, Jumapili tutakwenda kanisani kufanya nini?"

Mama Domitila alikuwa ameshika kona ya kitambaa. Alianza kusema kwa sauti ndogo, na wengine wakainama kumsikia.

"Kufuli zile zilipowekwa, mimi nilikuwa napita pale kila siku ya soko. Nilikuwa navuka barabara, nipite upande wa pili, nisizione. Nikajiambia, ya Waislamu na Walokole, watayamaliza wenyewe. Thekla peke yake hakuvuka barabara. Wanataka tuungame? Kosa ninalo. Ila si lile waliloliandika wao. Nitaungama la kwangu."

"Kwa maneno gani, mama?" aliuliza Restituta. "Watakupa karatasi."

"Sijui," alisema Mama Domitila. "Kweli sijui."

*

Ukumbi wa Maridhiano ulijaa Ijumaa tangu mapema. Upande wa kulia walikaa maofisa wa Wizara, wakurugenzi, wakuu wa idara na wake zao. Upande wa kushoto walikaa akina mama wa Umoja, katika vitenge vyao vya buluu, na nyuma yao Bi Mwanaidi na wanawake wa Bondeni. Jukwaani walikaa wajumbe wa Tume, Waziri katikati, kila mmoja akiwa amebandikwa kipaza sauti kidogo kifuani ili neno lolote la busara lisipotee. Redio zilikuwa zimewashwa sokoni, hospitalini, vituo vya polisi na katika ghala moja la mbegu ambalo tutalitaja baadaye.

Waziri alifungua kikao kwa hotuba. Alisema kwamba taifa lisiloungama ni kama nyumba isiyofagiwa. Alisema kwamba ukweli hauna cheo. Alisema kwamba hata yeye, kama angekuwa na kosa, angeliungama hadharani bila kusita, lakini kwa bahati mbaya hakuwa nalo. Ukumbi ulipiga makofi.

Mama Domitila aliitwa. Alipewa karatasi. Alitembea hadi mbele, akaiangalia, akaigeuza, akaiangalia tena. Kila alipoigeuza, karatasi ilisikika kwenye redio.

"Soma, Mama," alisema Waziri kwa upole. "Taifa linasubiri."

Hakusoma. Aliiweka karatasi mezani na kuusawazisha ukingo wake kwa kidole. Wapo wanaodai mpaka leo kwamba alikuwa amepanga. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili, upande wa akina mama, na niliona alivyoigeuza karatasi ile, akitafuta neno upande usioandikwa kitu. Mtu mwenye mpango hatafuti namna ile. Nadhani alitafuta maneno ya kuungama, na kichwani mwake, kama kichwani mwa kila Mkatoliki aliyekuwamo, maneno ya kuungama yalikuwa ya aina moja tu, yale yanayosemwa na wote kwa pamoja, wakiwa wamesimama, kila misa inapoanza.

Alifumba macho. "Naungama kwa Mungu mwenyezi," alisema.

Viti viligongana. Akina mama wa Umoja walisimama. Wakurugenzi walisimama. Wakuu wa idara walisimama, na wake zao. Wajumbe wa Tume walisimama mmoja baada ya mwingine, kwa namna ya watu wanaoinuliwa na kitu kisichokuwa ndani ya Mwongozo. Alhaji, mmoja wa wale wajumbe wawili wasiosomeshwa na Masista, aliona wote wamesimama, akasimama kwa adabu. Na kabla Mama Domitila hajafika sentensi ya pili, sauti mia kadhaa zilikuwa zimeungana naye, na juu ya zote ilisikika sauti nzuri ya seminari, iliyokomaa, yenye mwendo, ambayo nchi nzima iliitambua kwa kuwa ilikuwa imetoka kuisikia ikihutubia.

Ilikiri mawazo. Ilikiri maneno. Ilikiri vitendo. Ilipofika "na kwa kutotimiza wajibu," ilizidisha uzito kidogo, kama walimu wa zamani walivyofundisha.

Kisha mikono ikapanda vifuani kujigonga, kama sala hiyo inavyotaka.

Wajumbe wa Tume walikuwa wamesahau vipaza sauti walivyobandikwa. Katika kila redio ya nchi, sokoni na hospitalini, ulisikika mshindo kama wa mtu anayebisha mlango mkubwa. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. "Nimekosa sana," ilisema Serikali.

Sala ikafika mwisho, na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Baada ya sala hiyo, padri husema maneno ya kuwaombea watu huruma, nao hungoja kuyasikia. Padri alikuwa kwenye semina. Lakini miili yao ilikuwa imezoea kungoja, na ikangoja. Waziri alisimama ameinamisha kichwa, mkono ungali kifuani. Tume ilisimama. Wakurugenzi walisimama. Serikali nzima ilikuwa hewani, kimya, ikisubiri kusamehewa.

Mama Domitila alifumbua macho.

"Mheshimiwa," alisema, taratibu kama kawaida yake, "Thekla yuko wapi?"

"Ghala la mbegu," alisema Waziri, bila kuinua kichwa. "Nyuma ya Chuo cha Kilimo."

"Kwa nini hali chakula?"

"Amekataa. Anasema hatakula mpaka Bondeni pafunguliwe."

Ndipo alipousikia mdomo wake. Aliinua uso taratibu, akamtazama Katibu, na Katibu akamtazama fundi wa redio, na nchi ikaanza kusikiliza muziki wa bendi ya magereza.

*

Wanasheria wa Wizara, ambao walikuwa bado wanatafakari kama sauti ni sehemu ya mwili, walitolewa katika tafakuri hiyo kwa simu. Waliisoma ibara ya saba wakiwa wamesimama. Yeyote ni yeyote. Walioungama ndani ya ukumbi walikuwa Waziri, Tume na uongozi wote wa Wizara, mbele ya mashahidi wasiopungua taifa zima. Kwa hiyo walikuwa wamesamehewa, na kwa hiyo walitakiwa kurudisha walichokichukua kabla jua halijazama.

Mwanasheria mkuu alipata njia. Kitu ambacho hakikuchukuliwa hakiwezi kurudishwa. Ingetolewa taarifa kwamba hakujawahi kuwa na mgeni wala kufuli. Lakini ili taarifa hiyo iwe ya kweli, jambo ambalo Wizara ilipenda kulizingatia inapowezekana, ilibidi milango ya Bondeni ikutwe wazi. Inspekta Silivano alipewa ufunguo na kuamriwa kwenda kuondoa kufuli ambazo hazikuwahi kuwapo, bila kuonekana na mtu.

Wakati huo akina mama walikuwa wamefika kwenye ghala la mbegu. Askari aliyekuwa zamu alikuwa amesikia redio. Hakuuliza kibali. Alifungua, akasimama kando, akavua kofia.

Thekla alitoka akishika ukuta. Blauzi yake haikuwa na kifungo cha juu, na mifupa ya shingo ilionekana. Mama Domitila alikuwa amekuja na uji kwenye lile bakuli la maua ya buluu. Alifungua kitambaa, akalisogeza mdomoni mwa Thekla kama anavyosogezewa mzazi aliyetoka kujifungua.

Thekla hakunywa. "Bondeni?"

"Sijui bado, mwanangu. Kunywa kidogo."

"Basi uji usubiri."

"Thekla, utaanguka."

"Nishikeni, sitaanguka."

Walimshika. Walikwenda naye taratibu, Restituta upande mmoja na Bi Mwanaidi upande wa pili, na Mama Domitila mbele na bakuli, akiangalia jua kwa jicho la mtu aliyezoea kukadiria muda wa uchungu. Thekla alisimama mara nyingi. Kila aliposimama, walisimama naye.

Walipofika Bondeni walimkuta Inspekta katikati ya mtaa, kati ya msikiti na kanisa dogo, ufunguo mkononi. Watu walikuwa wamejaa pande zote, na yeye alikuwa anatoka jasho.

"Fungua, Afande," alisema Thekla.

"Siwezi, Mwalimu. Nimeamriwa nisionekane."

"Tufanyeje?"

Inspekta alifikiri. Alikuwa mtu wa kutii, na alitafuta namna ya kutii. "Geukeni," alisema hatimaye. "Wote. Tazameni kule."

Mtaa mzima uligeuka. Wazee wa msikiti, Walokole, akina mama wa vitenge vya buluu, wote waliipa milango yote miwili kisogo na wakatazama ukuta wa duka la nafaka mwisho wa mtaa kwa umakini mkubwa. Walisikia hatua zake. Walisikia chuma kikikataa. Mama Domitila alishika mkono wa Thekla na kuhisi mapigo yake, mepesi na ya haraka. Chuma kilikataa tena. Kisha ulisikika mlio mdogo, na baada ya muda, upande wa pili wa mtaa, mwingine. Kitu kizito kilianguka vumbini, na Inspekta hakurudi kukiokota.

Thekla aliketi kwenye kizingiti cha msikiti, mlango ukiwa wazi nyuma yake. Alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akanywa. Uji ulikuwa umepoa kabisa.

*

Wizara ilitoa taarifa yake jioni ileile. Ilieleza kwamba kilichosikika redioni kilikuwa mazoezi ya sauti. Ilieleza pia kwamba katika nchi hiyo hakujawahi kufungwa nyumba yoyote ya ibada, na kwamba kufuli zinazosemwa na watu ni za kufikirika.

Dakta Mulokwa alipewa ubalozi katika nchi ya mbali yenye Wakatoliki wachache. Mrithi wake aliteuliwa kwa sifa moja iliyosomwa kwa fahari: kwamba hajawahi kuitikia chochote. Jina la Thekla liliondolewa kwenye orodha ya wagombea, kwa sababu mgombea anatakiwa awe ameishi katani mfululizo, na katika siku ambazo Serikali haikumwalika, Serikali haikujua alikuwa wapi. Waraka mpya ulipiga marufuku kujigonga kifua ndani ya majengo ya umma.

Jumapili ilikuwa zamu ya Restituta kusoma. Alisoma ombi la mvua, la wagonjwa na la viongozi. Karatasi ikaisha. Kanisa lote lilimtazama. Benchi la tatu, Inspekta Silivano aliitoa pipi mdomoni, akaifunga kwenye leso, akasubiri.

"Kwa ajili ya wale wote waliopelekwa Kaskazini," alisema Restituta kwa sauti yake kavu, "warudi. Ee Bwana."

Baada ya misa, Bi Mwanaidi alikuwa anangoja nje ya lango la kanisa. Alikuwa amekuja kurudisha bakuli la maua ya buluu, lililosahaulika Bondeni siku ile. Lilikuwa limeoshwa, limefungwa kitambaa, na Mama Domitila alipolipokea mikono yake ilishuka kwa uzito, na ndani chuma kikagonga bati.

"Bi Mwanaidi, umeweka nini?"

"Tangu lini chombo cha jirani kikarudi bure?" alisema Bi Mwanaidi. "Fungua."

Walifungua, wakachungulia: Mama Domitila, Restituta, Leokadia, na Thekla akiegemea bega la mmoja wao. Nami nilichungulia. Lakini kwa kuwa Wizara imeshaeleza kwamba vitu vya namna hiyo havikuwahi kuwapo, siwezi kusema tuliona nini.